Wadudu wa Madibira Walivyofika Barazani Mlandege

Tangu nistaafu na kuhamia Uyole kulima viazi na kufuga nguruwe wangu, vijana mmekuwa mkinijia kwa zamu kama wagonjwa wa zahanati. Mnakaa kwenye benchi langu, mnakunywa chai yangu, kisha mnauliza swali lile lile: "Mzee, eti masters ya ikolojia inataka nini?" Mkishauliza mnatoa simu mnirekodi. Leo nimeamua kuandika ili benchi langu lipumzike.

Yaliyomo katika mwongozo wa chuo nayajua, kwa sababu mengine niliyaandika mimi. Uwe na shahada ya kwanza yenye alama za kueleweka, ya biolojia, misitu, kilimo, wanyamapori au nyingine inayofanana na hizo. Usome kozi za darasani na uzifaulu, takwimu zikiwemo, na hapo kwenye takwimu ndipo wengi huanza kuugua maradhi yasiyo na jina. Uandike pendekezo la utafiti, ulitetee kwenye semina mbele ya watu wanaowaza chakula cha mchana. Upate vibali, kuanzia chuoni hadi kwa mtendaji wa kijiji. Uende uwandani, urudi na data, uandike tasnifu, isomwe na watahini, uitetee, ufanye marekebisho. Vyuo vingine vinataka pia makala iliyokubaliwa na jarida. Kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo soma za chuo chako, usisome za chuo cha shemeji yako.

Hayo yote unaweza kuyajua kwa moyo na bado shahada ikakupita pembeni. Mimi nimeona.

Nianze na pendekezo, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipochekwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpelekea profesa wangu andiko juu ya misitu yote ya Nyanda za Juu Kusini na mvua zake. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu nyekundu isiyoisha wino. Alisoma kichwa cha habari tu, akavua miwani.

"Ambakisye, una gari?"

"Sina, Profesa."

"Una ndege?"

"Sina."

"Una miguu?"

"Ninayo."

"Basi kaandike utafiti wa mtu mwenye miguu."

Niliishia kwenye kijito kimoja huko kwetu Rungwe, nikihesabu miche ya miti ya asili kwenye kingo zake, na kijito hicho hicho kilinitoa jasho mpaka nikatamani kingekauka. Siku hizi mnaiomba simu iwaandikie pendekezo, nayo inawaandikia kwa Kiingereza kitamu juu ya bara zima la Afrika. Simu haina miguu. Swali lako likatwe mpaka litoshe mwili wako, wiki zako na buti zako.

Jambo la pili ni maneno. Kijana wangu mmoja alikwenda Chunya kuchunguza miti inayokatwa kukaushia tumbaku. Dodoso lake alilitafsiri mwenyewe hosteli, usingizi umemlemea. Swali la kwanza likawa: "Wewe na familia yako mnatunzaje mazingira?" Wakulima wote walimjibu vizuri kabisa. Tunafagia asubuhi, tunamwaga maji vumbi litulie, tunachoma takataka nyuma ya choo. Alirudi chuoni kwetu Iringa na rundo la karatasi zinazothibitisha kwamba Chunya ina nyua safi kuliko mahali pengine popote duniani. Juu ya miti, hakuna hata neno. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi wangu aliyekwenda uwandani kabla ya kulijaribu dodoso lake kwa mama muuza mboga wa pale getini. Nilidhani nimelimaliza tatizo la maneno, kumbe nilikuwa sijakutana na Zuhura.

Zuhura alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwisho niliowasimamia. Ni mtoto wa Mlandege, Iringa mjini, si mbali na chuo chetu. Baba yake, Mzee Salehe, ni fundi cherehani na muuza vitambaa. Mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na ukoo ule haujawahi kukosa kanzu safi siku ya Ijumaa. Zuhura alitaka kujua jambo la mtu mwenye miguu: kwenye mashamba ya mpunga ya Madibira, mkulima anapopiga dawa mapema kumuua funza anayetoboa shina, je, anawaua pia wale wadudu wanaomla funza huyo? Nilipolisoma swali lake sikuligusa kwa kalamu nyekundu hata mara moja, na mimi kalamu yangu niliirithi.

Hapa andikeni, maana huu ni ujuzi usio kwenye mwongozo. Wadudu wengi wadogo wanaoruka hupenda rangi ya njano. Wanadhani ni ua. Unachukua bakuli la njano, unatia maji na sabuni ya unga kidogo tu. Maji matupu hayafai, mdudu atasimama juu yake, atapumzika, kisha ataondoka zake. Sabuni isiwe ya manukato. Bakuli likae juu ya kigingi, usawa wa majani ya mpunga, na mpunga ukirefuka nalo lipandishwe. Unalitega asubuhi, jioni unachuja kwa kichujio cha chai, unawahifadhi wadudu kwenye vichupa vyenye spiriti. Karatasi ya maelezo inakaa ndani ya kichupa, imeandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti inafuta wino. Ukiibandika nje itabanduka, nawe utabaki na kichupa cha wadudu yatima.

Mabakuli ya kwanza ya Zuhura yalitoweka. Alikuta vigingi vitupu, akayafuatilia, akayakuta harusini upande wa pili wa mfereji yakiwa na mchuzi wa kuku. Alichofanya ni kuketi, kula, kumpongeza bibi harusi, halafu ndipo akauliza. Yalirudi yote, yameoshwa. Kisha akayatoboa tundu karibu na ukingo na kuliziba kwa kipande cha chandarua, ili mvua ikinyesha maji ya ziada yatoke na wadudu wabaki. Bakuli lililotobolewa, vijana, halialikwi harusini.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yanakwenda. Mpunga ulikuwa unakaribia kutoa masuke, ambao ndio wakati wenyewe, kwa kuwa wiki hizo ndizo zinazoonyesha nani anamla nani. Nao ulikuwa msimu wake wa mwisho. Msimu uliotangulia maji ya mferejini yalichelewa, data yake ikaharibika, chuo kikamwongezea muda. Kanuni ilisema nyongeza ni moja. Akiukosa na huu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanafunzi, na yale yote niliyoyataja pale juu, kozi, semina na vibali, yanakuwa maji yaliyomwagwa.

Sasa ingieni Madibira, kwenye nyumba aliyopanga chumba. Mwenye nyumba ni Mama Kabula, Msukuma, ambaye familia yake ilihamia bonde hilo la Usangu na ng'ombe zao na sasa wanalima mpunga pia. Ni mwanamke mkweli mpaka inachosha. Na mjini Mlandege yuko Bwana Shabani, mfanyabiashara wa mchele, jirani yake Mzee Salehe na mwenzake wa msikitini. Siku moja Shabani alifika Madibira kununua mpunga, akaona si vizuri kupita bila kumjulia hali binti wa jirani.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Huku mijini kwetu, mtu akikwambia "twende tukale mdudu", hakupeleki kwenye senene. Anakupeleka kwenye nguruwe wa kuchoma. Kuna wanaomwita kitimoto, kuna wanaomwita mdudu, na mimi nimemla kwa majina yote mawili. Mama Kabula, ambaye mjini huenda kwa nadra, hakuwa na habari hiyo.

"Zuhura yupo?" Shabani akauliza.

"Hayupo. Kaenda kufuata mdudu," Mama Kabula akajibu, anapeta mchele wake.

"Kufuata nini?"

"Mdudu. Kila siku anaenda. Anapenda mdudu yule mtoto, we acha tu. Jana kapata tele, kaloweka kwenye spiriti."

"Spiriti iko wapi?"

"Chumbani kwake. Dumu zima."

Mama Kabula alisema ukweli mtupu. Shabani naye aliurudisha Mlandege kama alivyoupokea, hakuongeza chumvi hata punje. Ndiyo maana nawaambia umbea wa mtu mwongo una dawa, lakini huu hauna.

Mzee Salehe alipiga simu. Alisema maneno mawili: njoo nyumbani. Zuhura alidhani kuna msiba, akapanda gari la kupitia Mafinga na vichupa vyake kwenye mkoba, akafika mbio. Alimkuta baba yake ni mzima, cherehani inazunguka. Akaambiwa vitu vyake vilivyobaki vitafuatwa, yeye haendi tena. Kwa nini? Baba hakusema. Mtu wa heshima zake, neno lile alishindwa kulitamka mbele ya binti yake. Mama mtu alikuwa msibani Songea, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsogeza mmoja kwa mwenzake. Zuhura akanipigia huku analia, akaniambia baba kamchoka na masomo.

Niliogopa, nasema kweli. Nilivaa koti langu la semina nikaenda Mlandege.

"Hodi."

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapo, utapata kahawa."

Dukani kwake cherehani iko kibarazani, na vitambaa viko ndani nyuma ya pazia. Niliketi, nikapewa kikombe na kashata, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha.

"Mzee Salehe, nimekuja kwa ajili ya kazi ya Zuhura."

"Kazi gani?"

"Hii ya wadudu."

Akatoa mguu kwenye pedali. "Kwa hiyo unajua."

"Nisijue vipi? Mimi ndiye niliyempeleka."

"Wewe ndiye."

"Mimi. Na hata mimi mwenyewe, wadudu nimewaanza nikiwa mdogo kuliko yeye. Nimezeekea humo."

Alinitazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayempima mteja kiuno. "Wewe ni Mnyakyusa, Mwalimu. Na dini yako inakuruhusu."

Nikadhani mzee ananivutia kwenye mjadala wa dini na sayansi, nami mjadala huo niliufundisha. Nikajiweka sawa kwenye kiti. "Hata yako inaruhusu, Mzee Salehe. Nimefundisha vijana wengi wa Kiislamu. Walianza wanaona kinyaa, lakini baada ya wiki mbili huwezi kuwatoa kwenye wadudu."

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Na spiriti?"

"Spiriti lazima. Bila spiriti wanaoza."

Mzee Salehe akashika kichwa. Mimi nikanywa kahawa, nikidhani hoja zangu zinaingia.

Aliyetuokoa ni Zuhura. Alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, na mtoto wa mjini hahitaji kamusi. Alitoka amejiziba mdomo na ncha ya mtandio, machozi yanamtoka, sikujua ya kucheka au ya kulia. Akaufungua mkoba, akavipanga vichupa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kimoja kimoja.

"Baba," akasema, "wadudu. Wadudu wenyewe."

Mzee Salehe akavaa miwani anayotungia uzi sindanoni. Akainua kichupa cha kwanza dhidi ya mwanga.

"Huyu kerengende."

"Ndiyo, baba."

"Huyu ni nyigu."

"Ndiyo."

Akakiweka chini, akanigeukia. "Mwalimu, hawa ni wadudu."

"Ndicho ninachosema tangu nimekaa," nikamjibu, maana mimi bado nilikuwa gizani. Ilibidi Zuhura aninong'oneze. Nilipoelewa, na nilipokumbuka kila neno nililolitamka pale kibarazani, nilitamani cherehani inimeze. Mabega ya Mzee Salehe yalianza kutikisika. Alicheka mpaka akavua kofia akaifutia uso, nasi tukacheka naye, hadi muuza viatu wa jirani akachungulia.

Nikainuka nikijua mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

"Mimi nimeelewa," Mzee Salehe akasema, kicheko kimemwisha. "Mlandege haijaelewa. Ijumaa nimepewa pole na watu, Mwalimu. Pole, kama mfiwa. Nikasimama mbele yao nikasema mwanangu hatarudi kule. Leo nimwachie aende, watasema Salehe kazidiwa nguvu na nguruwe."

Hapo nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba mpunga hautasitisha kuchanua kwa sababu ya heshima ya mtu, na kwamba akichelewa kidogo tu, miaka ya binti yake imekwenda na maji. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikamtazama Zuhura, nikaona yeye hakukasirika. Alikuwa anavipanga upya vichupa vyake, wadudu wakubwa nyuma, wadogo mbele.

"Baba, waite," akasema.

"Nani?"

"Wote waliokupa pole. Waite hapa barazani wakitoka swala ya alasiri. Nitawaeleza mwenyewe."

Vijana, nimekaa kwenye tetezi nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Sijaona watahini kama wale. Walikuja wazee, wakaja akina mama wakasimama upande wa duka la sukari, akaja Shabani mwenyewe akakaa mbele kwa kuwa kesi aliileta yeye. Akaja Maalim, mzee aliyewafundisha nusu ya mtaa ule Kurani. Hapakuwa na projekta wala slaidi. Kulikuwa na meza ya fundi, vichupa, na bakuli moja la njano.

Zuhura alieleza. Alianza kwa kuogopa, akasema "bayoanuwai", akaona nyuso zimefunga, akaliacha neno hilo na hakulirudia. Akasema kuna funza anayeingia ndani ya shina la mpunga, akalikausha suke lake. Akasema kuna nyigu mdogo kuliko punje ya mchele anayetaga mayai yake ndani ya mwili wa funza huyo na kummaliza. Akampa Shabani kichupa amtafute nyigu mwenyewe. Shabani akakigeuza geuza.

"Simwoni."

"Na mkulima hamwoni pia," Zuhura akasema. "Ndiyo maana anapiga dawa."

"Sasa hii spiriti," Shabani akauliza, kwa kuwa hakutaka kushindwa mapema, "ni ya aina gani?"

"Ya hospitali, mjomba. Ile unayopakwa kabla ya sindano. Nusa."

Akanusa, akapiga chafya, watu wakacheka, na kwa upande wa Shabani kesi ikaishia hapo. Lakini Maalim alikuwa hajacheka. Alisubiri kelele zitulie.

"Binti, hawa ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Umewaua wengi. Umewaua kwa sababu gani? Kwa ajili ya cheti?"

Nikajikuta nashika ukingo wa benchi. Kwenye semina zetu zote hakuna profesa aliyewahi kuuliza hivyo. Zuhura hakunigeukia.

"Maalim, dawa inawaua wote bila kuwatazama, wabaya kwa wazuri," akasema. "Mimi nimewaua wachache niwajue, ili wengi waachwe."

"Na ukishawajua, usipowaambia wakulima?"

"Nitakuwa nimewaua bure."

"Umesema mwenyewe," Maalim akasema. "Sisi tumesikia." Akaomba kahawa.

Watu walitawanyika. Mzee Salehe hakutamka kwamba nenda wala usiende. Alikaa kwenye cherehani yake, macho chini. Kisha akauona wavu wa Zuhura wa kufagilia wadudu kwenye majani, ule mfuko wa kitambaa chepesi kwenye pete ya waya. Ulikuwa umechanika ubavuni.

"Nani kashona hii?"

"Mimi, baba."

"Mtoto wa fundi anashona hivi? Mshono mmoja, hakuna pindo. Lete." Akaufumua wote. Akakata kitambaa kipya cha shela kwenye jora zuri, akaweka mkanda mgumu mdomoni mahali waya inapopita, akapiga mishono miwili, ncha yake akaiviringisha ili mdudu asikwame kwenye kona. Cherehani ikazunguka mpaka adhana ya magharibi. Alipomaliza alimpa bila kumwangalia, akasema gari la kwanza la Mafinga linaondoka mapema, asichelewe. Nilirudi nyumbani moyo mweupe, nikasahau koti langu pale dukani.

Wavu ule, nawaambia, ni bora kuliko tulioagiza chuoni kutoka nje. Nilimwomba anishonee mwingine, akanitoza bei ya kirafiki na utani usio na bei kuhusu nguruwe wangu.

Zuhura aliuwahi mpunga. Aliwahesabu wadudu wake, akawapeleka kwenye hadubini, maana programu ya simu ilikuwa inampa majina ya wadudu wa Ulaya kwa uhakika wa ajabu. Hilo nalo lishikeni: simu ikikupa jina, hesabu mishipa ya bawa kabla ya kuliandika. Takwimu zilimwumiza kama zinavyomwumiza kila mtu. Enzi zetu tulifanya hesabu hizo kwa kikokotoo na vidole, na kosa moja likitokea unaanza upya. Nyie kompyuta inawapa jibu kabla hamjamaliza kuuliza, na kazi imebaki kujua kama uliuliza cha maana. Sura ya tatu nilimrudishia mpaka akaacha kunisalimia kwa furaha. Na kabla hajaandika hitimisho alirudi Madibira na bakuli lake, akakutana na wakulima kwenye banda la skimu ya umwagiliaji, Mama Kabula akiwa mstari wa mbele, akawaonyesha nyigu asiyeonekana. Halikuwa sharti la chuo. Lilikuwa deni lake kwa Maalim, nami sikuthubutu kulikata.

Siku ya utetezi Mzee Salehe alikuja, kanzu imenyooshwa kama karatasi. Chuo chetu kinaruhusu ndugu wakae viti vya nyuma. Shughuli yote ilikuwa kwa Kiingereza, na mzee alisikiliza kwa makini mpaka mwisho bila kuelewa hata sentensi moja. Mtahini wa nje, profesa mama kutoka chuo kingine, alikuwa mkali lakini wa haki. Mwishoni mwenyekiti akauliza kama wasikilizaji wana swali, jambo linalosemwa kwa desturi tu, hakuna anayejibu. Mzee Salehe akasimama. Roho yangu ikashuka hadi kwenye soksi.

"Mmemaliza kumuuliza?"

"Tumemaliza, Mzee," mwenyekiti akasema.

"Basi naomba mmoja wenu anieleze kwa Kiswahili kafanya nini. Nikirudi mtaani nitaulizwa."

Mtahini wa nje akainuka kwa adabu. "Mzee wangu, binti yako amefanya asesimenti ya..." Akaanza upya. "Ameangalia, kule kwenye mpunga, wale..." Akaiona kanzu, akaiona kofia, akasita. Yeye naye ni mtu wa mjini.

"Sema tu, mama," Mzee Salehe akamwambia kwa upole. "Wadudu. Mlandege walishaelezwa."

Ukumbi ulicheka, hata Zuhura, na profesa akaeleza vizuri sana, kwa Kiswahili safi, kwamba mashamba yasiyopigwa dawa mapema yalikuwa na walinzi wengi na funza wachache, na kwamba kazi hiyo itawasaidia watu. Mzee akashukuru, akakaa.

Kisha tukatolewa nje, watahini washauriane, na Zuhura akabakishwa kwenye chumba cha pembeni asubiri kuitwa. Mimi na Mzee Salehe tulisimama kwenye veranda. Akaniuliza wanaweza kusema nini. Nikamwambia wanaweza kusema amefaulu, au amefaulu arekebishe kidogo, au arekebishe sana, au data haitoshi arudi uwandani kama chuo kitamkubalia.

"Hilo la mwisho ni kurudi Madibira?"

"Ndiyo."

Alivua kofia yake, akaikunja na kuikunjua.

"Wakilisema hilo," akasema, "chuo niachie mimi, nitakuja kuwaomba mwenyewe. Msimu ukianza nafunga duka, nampeleka kwa mkono wangu. Na kwa Shabani tutapita kwanza, tumuage."

Hawakulisema. Mlango ulifunguliwa, Zuhura akatoka na marekebisho madogo, analia na kucheka kwa pamoja, na sisi wazee wawili tukageuka kuangalia magari kwenye maegesho, kila mmoja akitafuta leso yake mfukoni.